Tunabadilishiwa Boljointi, Kinachoila Kinabaki

Tumechoka. Sisi tunaoendesha malori, sisi tunaolala chini yake na spana mkononi, na sisi tuliokopa ili tumiliki lori moja la kusomeshea watoto, tumechoshwa na boljointi za mbele. Inafungwa mpya, na kabla haijakaa sana gari linaanza kuyumba barabarani, usukani unacheza, tairi la mbele linaliwa upande mmoja. Fundi akiingia chini anatoka na jibu lilelile: boljointi imekwisha. Inanunuliwa nyingine, nayo inakwisha. Na kila inapokwisha anatafutwa mtu wa kubebeshwa lawama, na mtu huyo huwa ni dereva.

"Wewe unalitupa gari langu kwenye mashimo." Ndivyo bosi anavyoanza kwenye simu, salamu hazijaisha. Ukimkumbusha kwamba gari hilohilo lilikula boljointi vilevile lilipokuwa na mwenzako aliyeacha kazi, anasema nyote ni wamoja. Safari ikiisha, posho imekatwa. Nyumbani mama watoto anauliza hela ya ada iko wapi, na hakuna namna nzuri ya kumwambia mtu kwamba ada imeliwa na kipande cha chuma kinachoshikika kwa mkono mmoja.

Kwa asiyekijua kipande hicho, kiko hivi. Mbele ya lori kuna ekseli nzito, na kila ncha yake ina kingpini, pini nene ya wima ambayo tairi linaizunguka likikata kona. Ukizungusha usukani, boksi yake inasukuma fimbo inayoitwa draglinki, na draglinki inasukuma tairi la upande wa dereva. Fimbo ya pili, tairodi, inatoka tairi hilo hadi la upande wa pili ili yote mawili yageuke pamoja. Kila ncha ya fimbo hizo ina boljointi: gololi ya chuma ndani ya kikombe, grisi katikati, na mpira wa kuzuia vumbi juu yake. Lori la kawaida lina nne mbele. Tipa zenye ekseli mbili za usukani zina zaidi, ndiyo maana wenzetu wanaobeba kokoto kutoka Lugoba kuleta Dar es Salaam ndio wanaolia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Draglinki ikichomoka, usukani unazunguka mikononi mwako na matairi hayana habari. Tairodi ikichomoka, tairi moja linaelekea huku na jingine kule. Sasa jiweke kwenye mteremko wa Kitonga na mzigo mgongoni, basi la abiria linapanda mbele yako, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Hatusemi haya kumtisha mtu. Tunasema ili ieleweke kwamba hatulalamikii usumbufu mdogo wa gereji.

Mafundi wenzetu walichukua boljointi moja iliyotolewa ikiwa bado inang'aa rangi yake, wakaipasua kwa grainda. Mle ndani grisi haikuwapo. Palikuwa na tope la rangi ya kutu, maji na mchanga laini vimechanganyika. Kikombe cha plastiki kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Gololi yenyewe ilikuwa imeliwa upande mmoja mpaka imekuwa bapa, na ukiipitishia ukucha unasikia mikwaruzo. Mpira wa juu ulikuwa umechanika pale unapokunjwa, mchaniko mdogo ambao ukitazama haraka huuoni. Njia ya maji na vumbi ilikuwa pale tu.

Mpira ule ndio uhai wa boljointi. Ukichanika, hesabu imeanza. Na unachanika kwa sababu nyingi zinazofanywa mchana kweupe. Gari linaoshwa kwa presha, mwoshaji anaelekeza bomba moja kwa moja kwenye kiungo, maji yanapenya. Boljointi iliyotoka kiwandani ikiwa imefungwa moja kwa moja, isiyohitaji kuongezwa grisi, inatobolewa kwa drili na kuwekewa nipo ya kupitishia grisi, na kupitia tundu hilo uchafu unaingia. Ile yenye nipo yake halali inapigwa grisi mpaka mpira unafura na kupasuka, au haipigwi kabisa mpaka inalia. Fundi anapofunga mpya, anavuta mpira kwa bisibisi kuusogeza mahali pake, anauacha na jeraha siku ileile ya kwanza. Vumbi la njia ya Kolwezi, kule Kongo, halihitaji jeraha kubwa.

Lakini mpira ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine, ambayo ndiyo imetufanya tuseme leo, ni kwamba boljointi mara nyingi haijiharibikii yenyewe. Inaharibiwa na jirani zake, na jirani hao hawaguswi.

Kingpini ndiyo ya kwanza. Bushi zake zikiisha, tairi la mbele halisimami imara. Linatikisika, na kila mtikisiko unapokelewa na kiungo kilicho karibu, yaani boljointi. Ukifunga boljointi mpya kwenye kingpini iliyochoka, unaipeleka ikapigwe. Kila fundi wa malori analijua hili. Na kupima hakuhitaji mashine ya kutoka nje ya nchi. Unapiga jeki chini ya ekseli, tairi linaning'inia, unaingiza mtaimbo chini yake, unanyanyua na kushusha huku mwenzako anatazama. Kisha unashika juu na chini ya tairi unalitikisa. Likicheza, unamwambia tingo apande akanyage breki. Mchezo ukipotea kwa kukanyaga breki, tatizo ni beringi za tairi zimelegea. Mchezo ukibaki, ni kingpini. Inachukua dakika chache. Ni magari mangapi yanapimwa hivyo kabla boljointi haijafungwa? Tunaofanya kazi hii tunajua kwamba ni machache mno.

Mbona hayapimwi? Kwa sababu jibu la kipimo halipendwi. Boljointi inabadilishwa pembeni mwa barabara, gari likaondoka jioni ileile. Kingpini inataka gari lilale. Pini ya zamani ikiwa imeshika kutu inatolewa kwa presi au kwa moto na nyundo kubwa, bushi mpya zinaingizwa na kuchongwa zikae sawa na pini, shimu zinapangwa. Siku inapita, pengine mbili. Bosi ana marejesho ya mkopo, ana mteja anayepiga simu kila saa, mzigo umeshafungwa turubai. Anasema, "Weka boljointi tu, iende, ikirudi tutaangalia." Likirudi linapakiwa tena. Lori linakwenda Lubumbashi na kingpini yake mbovu, linarudi nayo, linaongeza boljointi nyingine kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji.

Hapa tuwe wa haki kwa wenye mtaji mdogo. Mwenye lori moja si tajiri wa kweli ingawa tunamwita hivyo. Gari lake likilala siku mbili anakosa safari, na deni halilali. Tunamwelewa. Lakini hesabu yake anaipiga kwa siku moja moja. Aweke pamoja boljointi zote alizonunua tangu kingpini ilipoanza kucheza, matairi ya mbele yaliyotupwa yakiwa na uzi mzuri upande mmoja na upande wa pili nyuzi za waya zinaonekana, na muda ambao gari lilisimama porini kusubiri spea ije na basi. Ataona kwamba kingpini alishailipa, na bado hajaipata.

Kuna na alaimenti. Matairi mawili ya mbele yakiwa hayatazami mbele inavyotakiwa, yanagombana njia nzima, na tairodi ndiyo inayoshika ugomvi huo kutoka Dar mpaka Tunduma, kilomita zaidi ya 900. Kila tairodi inapofunguliwa, alaimenti inatakiwa ipimwe upya. Huku kwetu fundi anahesabu nyuzi za skurubu alizofungua, anafunga idadi ileile, anavuta kamba pembeni mwa matairi, anafumba jicho moja, basi. Wapo mafundi wenye jicho zuri na kamba yao inanyooka kweli. Lakini tofauti inayoua tairi ni ya milimita chache, na kamba iliyoshikwa na tingo mwenye njaa saa nane mchana haiwezi kuaminiwa kwa milimita.

Shokapu zilizokufa, springi zilizolala, na boliti ya kuzuia kona isiyorekebishwa, hivi navyo vina sehemu yake. Ile boliti hasa. Usukani wa lori ni wa haidroliki, una nguvu nyingi. Kama hakuna kinachouzuia mahali sahihi, ukikata kona mpaka mwisho na kuendelea kukaza, nguvu yote inabanwa kwenye draglinki na tairodi. Na ukizungusha usukani gari limesimama na mzigo, matairi yamekaa kwenye lami kavu, viungo vinaumia zaidi. Matingo wanaojifunza gari kwenye yadi waambiwe hili mapema: likisogea kidogo ndipo ukate.

Haidroliki hiyohiyo ndiyo inayotuficha ugonjwa. Zamani, kwenye malori ya usukani mgumu, mkono ulisikia kila kiungo kinacholegea. Sasa usukani ni laini, dereva anasikia tatizo likiwa limekua. Ndiyo maana hatukubali kuambiwa, "Ulikuwa wapi mpaka imefikia hapa?" Tulikuwa tunaendesha. Kazi ya kupima ni ya kupima: gari liwake, mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia, mwingine awe chini na kiganja kimeshika kiungo. Kiganja kinaujua mchezo ambao usukani hausemi. Hilo lifanyike kabla gari halijapakia, na anayelifanya alipwe kwa muda wake.

Sasa madukani. Ukiingia kununua spea, swali la kwanza unaloulizwa ni, "Unataka orijino au ya kawaida?" Fikiria uzito wa swali hilo kwa kitu kinachoshikilia uhai wa watu. Ya kawaida ina boksi zuri, ina nembo, ina stika inayometameta. Ukiishika ni nyepesi. Mpira wake mgumu, ukiukunja kwa vidole unabaki na alama nyeupe. Ukigeuza shina la gololi linazunguka bila ubishi, wakati boljointi nzuri ikiwa mpya inakaza. Na orijino nayo huna hakika nayo, kwa sababu mara nyingine ni ileile ya kawaida iliyohamishwa boksi na kupandishwa bei. Zipo na zile zilizotumika zikafunguliwa, zikajaziwa plastiki mpya na kupakwa rangi. Risiti inasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ikifia Makambako, ni yako.

Tunalipa kodi kwenye bidhaa hizo kama zimekuja kwa halali, na tunazinunua kwenye maduka yenye leseni yaliyofunguliwa mchana. Nchi hii ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963. Kuna Tume ya Ushindani iliyopewa kazi ya kuzisaka bidhaa bandia, na kuna Shirika la Viwango. Tunaomba vyombo hivyo viingie kwenye maduka ya spea za usukani na breki kabla ya kuingia kwenye maduka mengine yoyote. Redio bandia ikizimika, mwenyewe anakosa muziki. Boljointi bandia ikikatika, anayelipa anaweza kuwa mwanafunzi aliyesimama kituoni akisubiri daladala.

Barabara nayo tuiseme, maana hatuwezi kuzungumzia ekseli ya mbele tukaiacha. Mashimo yanajulikana. Kinachotuumiza kimyakimya ni vitu viwili vingine. Cha kwanza ni mifereji ya matairi kwenye milima, pale malori yanapopanda polepole na mzigo, lami ikilainika kwa joto na kuzama. Ukiwa ndani ya mfereji huo na unataka kutoka kumpisha mtu, unakaza usukani, tairi linagoma kwenye ukingo wa mfereji, kisha linaruka ghafla. Kishindo hicho kinaishia kwenye tairodi. Cha pili ni kingo za lami zilizomegeka. Huku tunaendesha kushoto; basi likija na fujo zake unatoka pembeni, na tairi la kushoto linashuka kutoka lami hadi udongoni, kisha linapanda tena. Kwa hiyo boljointi ya kushoto ndiyo inayotangulia kufa kwenye magari mengi ya njia hii. Ukivuka Kasumbalesa na kuingia Kongo, kule wanaendesha kulia, tairi la kulia nalo linapata zamu yake.

Matuta hatuyakatai. Watoto wetu wanavuka barabara hizohizo. Ila tuta lijengwe kwa kipimo, lipakwe rangi, liwe na kibao mbele yake. Tuta lililokatika katikati, lisilo na rangi, usiku, mvua inanyesha, huwezi kuliona mpaka ekseli ya mbele imeshapigwa. Kila lita ya dizeli tunayonunua ina tozo ya barabara ndani yake. Lori linakunywa dizeli nyingi. Tunayo haki ya kuuliza.

Na uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu jumla ya tani 56, na ekseli ya usukani tani 8. Mizani za barabara kuu zinapima ekseli kwa ekseli, na dereva anayezidisha anaijua shida yake. Lakini upakiaji haufanywi na dereva. Shaba ni nzito na haichukui nafasi kubwa. Wapakiaji wakiirundika mbele ya tela, uzito unahamia kwenye kichwa. Dereva akisema ipangwe upya, anaambiwa anachelewesha foleni. Na malori ya mtaani, ya mchanga, kifusi na kokoto, mengi hayakutani na mizani tangu yanapopakiwa mpaka yanapomwaga. Kipimo chake ni macho ya mwenye machimbo. Ekseli za mbele za magari hayo zinabeba kisichojulikana kila siku.

Halafu, baada ya yote hayo, anayesimamishwa barabarani ni nani? Afande anapiga mkono, anazunguka gari, anainama, anaona tairi limeliwa. Sheria ya Usalama Barabarani inamkataza dereva kuendesha gari bovu, na ni haki. Faini inaandikwa kwa jina la anayeendesha. Dereva analipa shilingi 30,000, anampigia bosi, bosi anamwambia malizia safari kwanza. Akikataa kuondoka na gari bovu, kesho kuna kijana mwingine getini mwenye leseni na njaa. Wengi wetu hatuna mkataba wa maandishi wa kuonyesha kwamba tulikuwa na haki ya kukataa. Mwenye gari hayumo kwenye karatasi ya faini, muuza spea hayumo, mwenye mzigo hayumo.

Mafundi nao wana lao, na tusiwasahau. Fundi wa pembeni anaitwa saa sita usiku, analala kwenye matope chini ya gari lililopigwa jeki moja, anaambiwa afanye haraka. Anaona tundu la mkono wa usukani limepanuka kwa sababu nati iliachwa imelegea muda mrefu, shina la boljointi mpya halikai sawasawa ndani yake. Dawa ni kubadilisha mkono wenyewe. Hapewi mkono; anaambiwa afunge tu. Anakata kipande cha kopo, anakizungushia kwenye shina, anakaza. Spliti pini haipo, anapitisha waya. Anajua kwamba alichokifanya si kizuri, na alishasema, hakusikilizwa. Gari likianguka atatafutwa yeye.

Tunachotaka si kikubwa. Boljointi ya mbele ikiisha mara ya pili upande uleule, gari lisipewe ya tatu mpaka kingpini, beringi, alaimenti na tundu la mkono wa usukani vimepimwa na majibu yameandikwa kwenye daftari la gari. Daftari hilo likae ndani ya gari, dereva mpya alikute. Spea ya usukani inunuliwe na mwenye gari kwa risiti, na muuzaji aandike jina lake na dhamana ya muda fulani. Fundi apewe mchana wa kufanyia kazi na vifaa vya kufungia, spliti pini ikiwamo. Wanaopakia wasikilize dereva anaposema mzigo umekaa mbele mno. Na wenye jukumu la barabara waanze na kingo za lami, kwa sababu kuziba ukingo kabla ya masika ni rahisi kuliko kujenga upya kipande kizima baada yake.

Na wewe bosi, ambaye pengine unasoma haya ukiwa na simu ya dereva wako mkononi: usimkate kwanza. Mwulize ni upande gani, na mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Akikujibu kwamba ni uleule, lilaze gari siku mbili, fundi aingize mtaimbo chini ya tairi nawe ukiwepo, utazame mwenyewe. Gharama ya siku hizo mbili itoke kwenye mapato ya gari. Isitoke kwenye posho ya dereva.